Nimepunguzwa kazi, nasubiri ndoto ya istikhara: nihamie Tandahimba au nibaki Mtwara?

Barua ya msomaji

Asalaam alaykum, wapendwa wa safu ya ushauri.

Mimi ni fundi umeme, umri miaka 41, nina mke na watoto watatu. Tumepanga Chikongola, Mtwara mjini, kodi 80,000 kwa mwezi. Nimefanya kazi kwenye kampuni moja miaka saba na ushee, mshahara wa msingi 620,000. Tarehe 5 Mei niliitwa ofisini pamoja na wenzangu, tukaambiwa kazi zimepungua. Kila mtu akakabidhiwa barua yake na kutakiwa kurudisha kitambulisho cha getini siku hiyohiyo. Kabla ya hapo hapakuwa na kikao wala tangazo. Afisa utumishi akanivuta pembeni: nikiandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu nitalipwa 3,400,000 ndani ya wiki, nikisubiri utaratibu nitasota. Sijaandika bado. Barua ya kampuni nimeikunja nikaiweka ndani ya msahafu. Kila nikiufungua naiona, naufunga.

Nina mkopo wa benki uliobaki 1,900,000, rejesho 165,000 kwa mwezi. Kikoba tunadaiwa 400,000. Mke wangu ana shamba Tandahimba aliloachiwa na marehemu baba yake, mikorosho kama 60, halijaguswa misimu mitatu. Anasema tuhamie huko, maisha ni nafuu. Kaka zangu wa Kilwa wananicheka, eti mwanamume mzima naenda kuolewa ukweni. Rafiki yangu anasema nichukue hizo pesa, aniongezee kidogo kwa mkopo, ninunue bajaji iliyotumika. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia niende, kazi zipo, ila hasemi kazi gani.

Naswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu aniongoze katika uamuzi, kila usiku, nalala ubavu wa kulia nasubiri. Niliambiwa nikiota cheupe au kijani ni kheri, nikiota chekundu au cheusi ni shari. Sioni kitu. Kuna mtu anajiita shehe, ameniambia nyota yangu imefungwa, anataka 120,000 na kuku mweupe ili aifungue. Pesa sijatoa, kuku nimeshamnunua.

Ninachouliza: Mungu anataka niende wapi, na mbona hanioneshi? Na nikienda kudai haki serikalini, si nitakuwa nimekosa subira na kuikataa kadari? Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la saba.

Fundi wa Chikongola

Majibu yetu

Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu yetu. Pole wewe, pole na mama watoto.

Tutafika kwenye swali la Mungu anataka uende wapi. Ila ndani ya barua yako kuna jambo lenye tarehe, na tarehe haingoji ndoto. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Ukihesabu kuanzia 5 Mei, mwisho wako ni tarehe 4 Juni. Baada ya hapo utalazimika kwanza kuomba uruhusiwe kuleta shauri lililochelewa, na uwe na sababu nzito. "Nilikuwa nasubiri ndoto" haitapokelewa.

Itoe barua ndani ya msahafu. Piga kopi nne. Halisi ibaki kwako na usimpe mtu yeyote, hata afisa akikuambia anaihitaji kwenye faili.

Hiyo barua ya kuacha kazi kwa hiari usiiandike. Uharaka wa pesa ndio chambo chenyewe. Ukishasaini kwamba umeacha mwenyewe, mwajiri atakwenda CMA na karatasi yako mkononi na kusema hakuna aliyeachishwa hapa. Mlango wa pili unaojifunga ni wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiuzulu. Kwa sahihi moja unapoteza vyote viwili, na hiyo 3,400,000 uliyoahidiwa huenda sehemu kubwa yake ni haki zako za kisheria ambazo ungelipwa hata bila kusaini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kazi zikipungua. Lakini anatakiwa awape taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au nyinyi wenyewe kuhusu njia za kuepuka kupunguza, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Kuitwa asubuhi na kurudisha kitambulisho jioni kunatia shaka kwamba hatua hizo zilirukwa. Kwa hiyo una hoja. Hatusemi utashinda, tunasema una hoja ya kusikilizwa, na huduma ya CMA hailipiwi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Chukua Fomu Namba 1 ofisi ya CMA ya mkoa, ijaze, eleza unachodai. Kabla ya kuirudisha, nakala yake ifike kwanza kwa mwajiri naye asaini au agonge muhuri kwamba amepokea, kisha ushahidi huo uuambatishe. Wengi hukwama hapa: wanajaza fomu vizuri, wanaipeleka moja kwa moja CMA, wanarudishwa, na siku zimekwisha. Mkigomewa muhuri getini, waeleze maofisa wa CMA siku hiyohiyo, watakuelekeza namna nyingine ya kuifikisha. Shauri huanza kwa usuluhishi, mnakaa meza moja mbele ya msuluhishi. Mengi huishia hapo.

Malipo unayopaswa kuyaona yameorodheshwa ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuitumia, malipo ya notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika (kwako miaka saba ni siku 49), na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa. Kama uliajiriwa ukiwa Kilwa, nauli ya wewe, familia na mizigo inahesabika. Dai pia cheti cha utumishi. Usipokee jumla bila mchanganuo.

NSSF nenda wiki hiihii, ukiwa na barua, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na akaunti ya benki. La kwanza kabisa omba taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi. Kuna waajiri wanaokata mshahara bila kupeleka, na wakati mzuri wa kugundua hilo ni kabla shauri lako CMA halijasikilizwa. Fao linamhusu aliyechangia angalau miezi 18. Kwa mwenye ujuzi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Wasio na ujuzi maalumu wana hesabu nyingine, hivyo uliza umewekwa kundi gani na uwe na cheti chako cha ufundi. Kwa mshahara wako inakuja kama 206,000 kwa mwezi. Hailishi nyumba, ila inabeba kodi na sehemu kubwa ya rejesho la benki.

Sasa kadari. Umeuliza kama kudai haki ni kukosa subira. Tunakuomba uisome tena Surat Yusuf, na safari hii usiisome kwa ajili ya thawabu peke yake, mwangalie Yusuf anafanya nini. Alitupwa kisimani, akauzwa, akafungwa kwa kesi ya uongo. Na alipokuwa gerezani alimwambia mwenzake aliyekaribia kutoka: nitaje kwa bwana wako. Alituma ujumbe. Kisha mfalme alipomwita, yeye ambaye angeweza kukimbilia uhuru, alimrudisha mjumbe: nenda kwanza ukamuulize bwana wako habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe kabla hajavuka mlango. Huyo ni Nabii, na subira yake hakuna anayeitilia shaka. Alikuwa na subira na akafuatilia kesi. Fomu ya CMA haikutoi kwenye kuridhika na kadari. Ungeikataa kadari kama ungekwenda kumtukana afisa utumishi, ukaiba nyaya za stoo ili "ujilipe", au ukaacha Alfajiri kwa sababu Mungu amekukasirikia.

Istikhara unaiswali, alhamdulillah, lakini umebebeshwa masharti ambayo hayamo. Hadithi yake, aliyoisimulia Jabir bin Abdillah na ikapokewa na Bukhari, inasema mtu akikusudia jambo aswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha aombe dua ile: ewe Mola, kama jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, niwezeshe, kama ni shari, liepushe nami nami uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Basi. Humo hamna kulala, ndoto wala rangi. Unaweza kuiswali saa nne asubuhi kisha ukaenda NSSF. Epuka tu nyakati zinazokatazwa swala za sunna, kama baada ya Alfajiri hadi jua lipande na baada ya Alasiri hadi Magharibi.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili. Mtu anaomba kwa ujumla mno, "Mungu nioneshe maisha yangu." Dua yenyewe ina mahali pa kulitaja jambo, na jambo linatakiwa liwe limeshakuwa na umbo: "kwenda Tandahimba kuhudumia shamba msimu huu," "kuingia ubia wa bajaji na fulani." Kama hujui jambo lenyewe ni lipi, bado hujafika kwenye istikhara, uko kwenye kutafuta habari. Kosa la pili ni kuiswalia wajibu. Kulipa deni la kikoba hakuna istikhara. Kulisha watoto hakuna istikhara. Hata shauri la CMA, kwa kweli, ungeweza kulipeleka leo kwa sababu haki ya familia yako imo ndani yake.

Na mpangilio tumeshapewa. Katika Aal Imran aya ya 159 Mtume anaambiwa ashauriane nao, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Shauri, azimio, ndipo tawakul. Wewe umeanza na tawakul, ukaacha shauri, na azimio unataka lije usingizini. Baada ya istikhara unaamua kwa yale unayoyajua, unaanza kutembea, na unaangalia: jambo linafunguka au linajifunga. Hapa nako kuna mtego. Si kila kikwazo ni ishara. Basi likipata pancha Mahuta haina maana Mungu amekukataza Tandahimba. Kikwazo cha kukusimamisha ni kile kinachobadilisha hesabu, kwa mfano ukigundua shamba lina mgogoro, au binamu hataki kusema kazi gani hata ukimuuliza mara ya tatu.

"Mbona hanioneshi" hatuna jibu lake, na mtu akikuambia analo, mwogope. Hatutakuambia kampuni ilikupunguza ili upate korosho. Maana ya mambo mara nyingi huonekana nyuma sana, wakati mwingine kwa watu wengine kabisa. Bandari ya hapo kwenu ilijengwa kwa ajili ya karanga za mradi wa Waingereza, mradi ukafa 1951, reli ya Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo bandari ileile inapakia korosho. Waliopoteza kazi karanga ziliposhindikana hawakuonyeshwa hilo.

Huyo anayetaka 120,000 usimpe. Mtume alikataza kuwaendea watabiri, na nyota ya mtu haifungwi kwa uzi ikafunguliwa kwa noti. Kuku ni mali yako: mchinje kwa bismillahi, mama watoto amtie nazi, mle. Mkitaka sadaka, jirani apelekewe bakuli.

Tuje kwenye pesa. Tuchukulie utalipwa hizo 3,400,000 kwa njia halali. Chakula tumeweka 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa mwezi. Pamoja na kodi ni 380,000. Tenga miezi mitatu, 1,140,000, kwenye akaunti ambayo haina kadi mfukoni mwako. Kikoba 400,000 lipa chote, hizo ni pesa za akina mama wenzake mkeo na wakati wa kugawana ukifika itakuwa aibu yake, si yako. Benki weka marejesho mawili, 330,000, kisha nenda mwenyewe kabla rejesho halijakosekana, ukiwa na barua ya kazi, uombe wakupangie upya kiwango na muda. Anayekwenda mapema husikilizwa kuliko anayetafutwa na dalali. Uliza pia kama mkopo wako una bima inayogusa kupoteza ajira, mikopo mingine ya wafanyakazi inayo na mkopaji hajui. Mpaka hapo umetumia 1,870,000, imebaki 1,530,000. Shambani isiende zaidi ya 700,000. Zinazobaki 830,000 zikae hadi uone NSSF imeanza kulipa. Kadi ya bima ya afya ya kazini nayo uliza inakoma lini, usije ukajua siku mtoto anaumwa.

Bajaji hatuishauri. Pesa yote kwenye injini moja iliyochoka, juu yake deni la rafiki, leseni ya usafirishaji ya LATRA, bima na kodi. Na deni jipya lenye riba juu ya deni la zamani lenye riba, hapana. Jambo ambalo huenda hukulifikiria: wenye madeni wametajwa katika At-Tawba aya ya 60 miongoni mwa wanaostahiki zaka. Kama mambo yatakubana, mwone imamu wa msikiti wako au kamati ya zaka bila haya. Umekuwa ukitoa, kupokea nako kumewekwa na Mola yuleyule.

Shamba sasa, maana hapa ndipo moyo wa mkeo ulipo. Kwanza jina: ni la mke wako. Mali ya mke ni yake, wewe utakuwa mtendaji ndani yake, hivyo kubalianeni mapema gharama anatoa nani na mavuno yanagawanywaje, mkaandike. Kaka zako waache wacheke. Kusini huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, mwanamume kwenda kuishi na kulima kwa wakwe zake ni jambo la tangu na tangu. Cha kuogopa ukweni ni kingine kabisa. "Aliloachiwa na baba yake" kunahitaji swali: aliachiwa vipi? Kama mzee alimpa na kumkabidhi akiwa hai, hiyo ni hiba, ni lake. Kama alisema tu kwamba nikifa hili ni la fulani, huo ni wasia kwa mrithi, na haupiti bila warithi wenzake kuridhia. Na kama hakusema kitu, ni mirathi ambayo haijagawanywa, ndugu zake wote wamo, mtoto wa kiume fungu mara mbili ya la kike. Likoje? Shamba likiwa pori hakuna anayeliulizia. Ukilisafisha likazaa, msimu wa pili anatokea shemeji kutoka Masasi. Kabla hujashika panga, kaeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mtendaji wa kijiji aone. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, muhtasari huo na cheti cha kifo ndivyo vya kuanzia Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi.

Muda unaobana ni huu. Tuko Mei, na mikorosho inaelekea kutoa maua kuanzia Juni. Kazi ya sasa ni kufyeka chini ya miti yote, kuondoa matawi makavu na yale yanayogusa ardhi ili mtu apite na mashine. Matawi mabichi ya nje na juu usiyakate, kwa sababu maua hutokea kwenye ncha zake; aliyechelewa kupogoa akakata mwezi huu anakata korosho zake. Pogoa kubwa ingoje baada ya mavuno. Majani makavu usiyachomee chini ya mti, gome likiungua mti unadumaa.

Adui wa msimu ni ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye majani machanga na maua. Huja na baridi na umande wa Juni hadi Septemba. Ua likishikwa hukauka na kupukutika, na hakuna dawa ya kulirudisha. Salfa hukinga, haifufui. Ndiyo maana inaanza pale maua yanapochipuka, kiasi cha gramu 250 kwa mti, na kurudiwa kila siku 14, hadi mizunguko mitano. Kwa miti 60 ni kilo 15 kila mzunguko, kilo 75 kwa mitano, yaani mifuko mitatu ya kilo 25. Pulizia alfajiri kabla ya upepo, umande ukiwa bado upo ili unga ushike. Anayepulizia saa tano anamlisha jirani salfa. Vaa miwani na barakoa, macho huwaka vibaya. Na ujue salfa haiui mbu wa mikorosho, anayekausha machipukizi. Huyo ana kiuatilifu chake, waulize maofisa ugani au watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, hawako mbali nanyi. Pembejeo za ruzuku hupewa mkulima aliyemo kwenye kanzidata, kwa hiyo mkeo aandikishwe kwa jina lake kupitia kijiji na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mapema, maana salfa ikishagawiwa na jina lake halimo, mtanunua dukani.

Na msitegemee mengi. Shamba la misimu mitatu bila mkono, sisi tungelipigia hesabu ya kilo 4 kwa mti: kilo 240. Ukiweka 2,000 kwa kilo, kwa tahadhari, ni 480,000 kabla ya makato ya chama, ushuru na usafirishaji, na pesa inaingia baada ya mnada, siyo siku unapopeleka gunia. Bei nayo ina Mola wake. Msimu wa 2018/19 wakulima walikataa bei za mnada, serikali ikaingia na kutangaza 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na watu waliopanga ada kwa tarehe fulani walijifunza kupanga upya. Njaa ya Agosti ikibana msiuze kwa kangomba, mlanguzi wa korosho. Anakupa pesa leo kwa korosho ambazo hazijaanguka, kwa bei yake na kipimo chake, na Novemba unampelekea mavuno ya mke wako bure.

Kwa hesabu hiyo shamba halilishi watu watano mwaka huu. Ufundi wako ndio utakaolisha. Yusuf mbele ya mfalme hakuomba msaada, alitaja anachokiweza: niweke kwenye hazina za nchi, mimi ni mlinzi mjuzi. Wewe ni fundi umeme mwenye cheti na miaka saba kazini. Vijiji vya Tandahimba na Newala vimefikiwa na umeme na nyumba zinasubiri kufungwa nyaya. Lakini TANESCO wanataka mchoro na sahihi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hivyo anza kwa kufanya chini ya mkandarasi mwenye leseni huku ukiomba yako. Maombi yanahitaji cheti na uthibitisho wa uzoefu, na hapo ndipo cheti cha utumishi tulichokuambia ukidai kinapofanya kazi.

Ushauri wetu basi: msihame sasa. Wewe nenda Tandahimba kwa zamu, siku za kufyeka na siku za kupulizia, ukichukua vibarua vya umeme hukohuko. Familia ibaki Chikongola. Dar es Salaam ngoja hadi binamu ataje kazi, mwajiri na mshahara. Akivitaja, hilo litakuwa jambo lenye umbo, liswalie. Desemba mvua zikianza, mkeo akiona miti imerudi na kikao cha ukoo kimekwenda vizuri, pandeni mihogo katikati ya mistari na mzungumze upya habari ya kuhama, mkiwa na namba mkononi. Mshirikishe tangu sasa, shauri la kwanza la Mwislamu ni nyumbani kwake.

Mtoto wa darasa la saba asiguswe hata kama mengine yote yatabadilika. Mtihani wao ni Septemba na ameshasajiliwa kufanyia shuleni kwake. Wadogo mkiamua kuwahamisha, fanyeni mwanzo wa mwaka, Januari, na mchakato uanzie kwa mwalimu mkuu wa shule wanayotoka. Mwambieni mapema, Novemba, kabla shule hazijafungwa.